Haidroponiki: nusu ya neno imeachwa njiani

Matangazo ya haidroponiki hulifasiri neno hili "kilimo cha maji" au "kilimo bila udongo". Fasiri zote mbili zimeacha nusu ya neno, tena ile inayomhusu mkulima. Kwa Kigiriki hudor ni maji, na ponos ni kazi ya jasho.

W. F. Gericke wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa akiotesha nyanya kwenye matangi ya maji yenye virutubisho. Mwanzoni alitumia neno akwakacha, kumbe tayari lilikuwa la ufugaji wa viumbe wa majini. Mwenzake W. A. Setchell, bingwa wa mwani, akampa jina jipya, na mwaka 1937 Gericke akalichapisha. Lilifuata mfano wa geoponika, neno la kale la kilimo: kazi ya ardhi. Basi haidroponiki ni kazi ya maji. Kukuza mimea majini kulikuwepo zamani (John Woodward alijaribu na mnanaa huko Uingereza mwaka 1699). Gericke aliutoa ukuzaji huo maabara ukawa kilimo cha mazao.

Anayemuuzia mstaafu mabomba na kumwambia "unapanda tu, unasubiri kuvuna" anamdhulumu. Saladi inataka maji yenye pH, yaani kipimo cha uchachu, ya 5.5 hadi 6.5. Ikipita 7, mmea haupati madini ya chuma vizuri: majani machanga yanakuwa manjano, mishipa yake inabaki kijani. Udongo hubadilika taratibu, lakini maji ya ndoo ya lita 20 hayachelewi kuharibika, kwa hiyo pima kila siku.

Kosa linaloumiza wengi ni kuchanganya mbolea za kalsiamu naitreti na magnesiamu salfeti katika ndoo moja ya mchanganyiko mkali, ule ambao bado haujazimuliwa tangini. Kalsiamu inashikana na salfeti, unga mweupe wa jasi unatuama chini, na mmea hauupati. Weka ndoo mbili: A ya kalsiamu naitreti, B ya magnesiamu salfeti. Jaza tangi maji kwanza, mimina A, koroga vizuri, ndipo umimine B.

Halafu kuna joto, na kwa ukanda wa pwani hili ndilo gumu kuliko yote. Maji yakipita nyuzi 25 oksijeni inapungua na pithiamu, ukungu unaoozesha mizizi, unapata nafasi. Tia tangi kivulini, lifunike mwanga usiingie, pampu ya hewa isizimwe usiku. Kisha inua mche mmoja utazame. Mizizi yenye afya ni myeupe. Iliyooza ni ya kahawia na inateleza. Ukiivuta kwa vidole ganda lake linabanduka, unabaki na uzi mwembamba mkononi.