Gemu ikichelewa, nani analipa mishahara?

Novemba 2025, Rockstar, watengenezaji wa gemu za video, waliisogeza gemu yao ya GTA VI kutoka 26 Mei 2026 hadi 19 Novemba 2026, na hisa za kampuni mama, Take-Two, zikashuka. Kila likitokea jambo kama hili, mtandaoni hukumu huwa ile ile: subira yavuta heri, waacheni mafundi wamalize kazi yao. Lawama zote humwangukia mwenye fedha, anayeonekana mtu wa tamaa asiyejua thamani ya sanaa. Nadhani tunamwonea.

Wanaotetea subira wana ushahidi, na si mdogo. Mwaka 1982 kampuni ya gemu ya Atari ilimpa mtengenezaji wake Howard Scott Warshaw wiki tano tu atengeneze gemu ya E.T. ili iwahi Krismasi. Kaseti zilizododa zikaishia kufukiwa jalalani Alamogordo, New Mexico. Cyberpunk 2077 iliahirishwa mara tatu, siku 238 kwa jumla, na bado ilipotoka 10 Desemba 2020 ilikuwa haijaiva. Haikupita hata wiki mbili, Sony ikaiondoa kwenye duka lake la mtandaoni. Nintendo nayo iliisogeza Animal Crossing: New Horizons kutoka 2019 hadi Machi 2020, hisa zikaanguka, kisha gemu ikauza nakala zaidi ya milioni 13 katika wiki sita za kwanza.

Lakini tazama tunaowatolea mfano. Nintendo ina akiba. Take-Two ina GTA V, iliyouza nakala zaidi ya milioni 200 na inayoingiza fedha mpaka leo. Hao wana chakula ghalani, wanaweza kungoja mvua. Studio ya watu 20 haina ghala.

Tupige hesabu yake. Huko Marekani, kadirio linalotumika sana ni dola 10,000 kwa mfanyakazi mmoja kwa mwezi, ukijumlisha mshahara, bima, kodi ya ofisi na mitambo. Watu 20 ni dola 200,000 kila mwezi. Ahirisha miezi sita tu, umeongeza dola milioni 1.2. Sasa tuseme gemu itauzwa dola 20. Duka kama Steam hukata asilimia 30, zinabaki dola 14. Ili kufidia miezi hiyo sita peke yake, studio lazima iuze nakala karibu 86,000 zaidi ya zile ilizozihitaji tangu mwanzo. Hapo sijagusa kodi ya serikali, wala punguzo la bei, wala wateja watakaorudisha gemu. Nakala 86,000, na mchezaji hajaongezewa hata ngazi moja mpya ya kucheza. Amepata kitu kile kile alichoahidiwa, kikiwa kimenyooshwa.

Na fedha hizo zinatoka wapi? Kwa kawaida mfadhili hulipa kwa awamu, kazi ya hatua fulani ikikabidhiwa. Hatua ikichelewa, awamu nayo inachelewa, ila mishahara haingoji. Mfadhili akikubali kuongeza, nyongeza hiyo mara nyingi huingizwa kwenye deni ambalo mauzo yatalilipa kwanza kabla studio haijaonja gawio lake. Kwa hiyo anayesema mezani "ondoeni hizo ngazi mbili, tutoke Juni" si lazima awe adui wa gemu. Mara nyingi ndiye aliyekwisha kuona kwamba Julai hakuna mshahara.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana: kuchelewa huzaa kuchelewa. Studio ya 3D Realms ilitangaza gemu ya Duke Nukem Forever mwaka 1997 kwa injini, yaani programu ya msingi inayoendesha gemu, ya Quake II. Mwaka uliofuata ikahamia injini ya Unreal, na sehemu kubwa ya kazi ikaanza upya. Kila walipokaribia, gemu za wengine zilikuwa zimepiga hatua, yao ikaonekana ya zamani, wakarudi kuiboresha. Walipoulizwa itatoka lini, jibu lilikuwa moja: ikiwa tayari. Hakuna aliyeweza kuwabana, kwa sababu walikuwa wakitumia fedha zao wenyewe, na inasemekana zilizidi dola milioni 20.

Mwaka 2009 mfuko ukakauka. Wakaiomba Take-Two dola milioni 6 za kumalizia, mazungumzo yakavunjika, na Mei mwaka huo watengenezaji wakaachishwa kazi. Wengi waliiona Take-Two katili. Mimi naona kwamba aliyekataa mwaka 2009 alichelewa. Neno "hapana" lilihitajika miaka minane nyuma, wakati bado kulikuwa na akiba ya kumalizia gemu ndogo zaidi na mishahara ya kuokoa. Studio nyingine, Gearbox, ndiyo iliyoinunua Duke na kuitoa Juni 2011, miaka 14 baada ya kutangazwa, na wahakiki wengi wakaiona imepitwa na wakati.