Laptopu ya zamani: upige windo tena au uhamie Linux?

Tangu Microsoft waache kuipa Windows 10 sapoti ya kawaida, tarehe 14 Oktoba 2025, hapa Tanga kila penye kompyuta ubishi ni huohuo, Ngamiani mpaka Chumbageni. Vijana wanaosoma IT wanasema futa Windows weka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, mafundi wanasema Linux ni ya maseva na mahaka (wadukuzi), usijisumbue. Mie nawasikiliza wote naona kuna swali wanaliruka: hiyo kompyuta inafanya kazi gani, na ikigoma Jumamosi jioni nani ataishika?

Kinachosukuma watu kuhama kinaeleweka. Windows 11 inataka TPM 2.0, ile chipu ya usalama, na kama prosesa ni Intel basi iwe kizazi cha 8 kwenda juu, wakati laptopu za mtumba tunazonunua nyingi ni kizazi cha 3, cha 4, cha 6 hapo ushukuru. Mafundi wanajua kuuruka huo ukaguzi na Windows 11 inaingia vizuri tu, ila Microsoft wenyewe wanasema mashine ya hivyo hawaiahidi apdeti. Linux Mint, toleo mojawapo la Linux, inaomba RAM ya GB 2, wanashauri 4, na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Hapo hata mashine iliyostaafu inapita.

Sasa kuna hoja mbili za watu wa Linux ambazo huku kwetu hazina mashiko kama wanavyodhani. Ya kwanza ni "Linux ni bure". Jamani tuambizane ukweli, Windows nani kailipia? Tunamlipa fundi hela ya kupiga windo, yaani kuiweka Windows upya, basi. Hoja yenye nguvu ni nyingine, kwamba windo yenyewe imekrakiwa, yaani imefunguliwa bila leseni, na ile programu ya kukrakia mara nyingi inakwambia kwanza zima antivairasi, yaani umemfungulia mwizi mlango halafu unamuuliza kama amekula, na hiyohiyo laptopu ndo unaingilia benki.

Ya pili ni wepesi. Ni kweli Mint ya Xfce, moja ya sura zake, ni nyepesi, lakini watu wengi wanaosifia wamebadilisha vitu viwili siku moja, wametoa hard disk ya kuzunguka wakaweka SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi, halafu wakaweka Linux, sasa utajuaje dawa ilikuwa ipi? Wekea SSD hiyohiyo Windows 10 uone inavyoamka. Na kama RAM ni GB 4, ukifungua Chrome na kurasa kumi na tano utakwama kotekote, maana uzito wa kurasa haujali uko Windows au Linux.

Nije kwenye steshenari maana huko ndo penye mambo. Mteja anakuja na flashi, unaichomeka, foda zake zote zimegeuka shotikati. Kwenye Windows ukibonyeza moja tu kirusi kimeamka, kimekaa kwenye mashine, na kila flashi itakayochomekwa baadaye inaondoka nacho, wanafunzi wanakipeleka chuoni, chuo kinakirudisha mtaani. Chomeka flashi hiyohiyo kwenye Linux: zile shotikati zipo lakini hazifanyi kitu, na foda halisi ambazo kirusi kilizificha mara nyingi zinaonekana pembeni yake kama kawaida. Unakopi faili, unaprinti, mteja anaenda zake. Kwa hili peke yake mie namuona mwenye steshenari asiyekuwa na kompyuta moja kuukuu ya Linux kwa ajili ya kupokea flashi anajitesa bure.

Lakini moja! Si zote. Maana huyohuyo mteja kaleta CV ya Word. Fonti ya Calibri haipo, LibreOffice, programu ya ofisi ya kwenye Linux, inaweka Carlito ambayo upana wa herufi ni uleule, kwa hiyo barua ya kawaida inasimama vizuri, ila CV yenye visanduku na jedwali inateleza, jina la mdhamini wa tatu linaangukia ukurasa wa pili peke yake, na mteja kasimama hapo bodaboda inamsubiri nje. Kadi za harusi ndo usiseme, kama mafaili yako yote ni ya CorelDRAW au Photoshop basi Linux haina hizo programu, na kuzilazimisha kwa Wine, kile kifaa cha kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux, ni kamari. Inkscape na GIMP, programu za michoro na picha za Linux, zipo na ni nzuri, ila zinataka ujifunze upya, na msimu wa harusi hausubiri mtu.

Nyumbani mambo ni mepesi zaidi. Mwanafunzi anayesoma PDF, anaandika notsi, YouTube, barua pepe, ahamie tu. Hata bando lake litapumua, Mint inamwambia kuna apdeti halafu inamuachia aamue lini, haimshtukizi.

Linalobaki gumu ni fundi. Na si kwamba Linux ni ngeni nchini, mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, lakini fundi wa mtaani bado dawa yake ya kila ugonjwa ni kupiga windo. Ukimpelekea Linux atakurudishia Windows, tena na mafaili hayapo. Kwa hiyo kama nyumbani au jirani hamna hata mtu mmoja anayeijua, mie nasita kumwambia mama mtu mzima ahame.

Anayetaka kujaribu asifute kitu kwanza. Aweke Mint kwenye flashi ya GB 8, awashie kompyuta kutoka humo, ajaribu waifai, sauti, kamera, na achomeke printa yake aprinti ukurasa kabisa, kwa sababu printa nyingi za HP na Epson za tanki zinakubali lakini zipo leza za zamani zinazogoma kabisa. Akishaprinti ndo aanze kufikiria kufuta.