Jedwali la elementi huenda likapoteza maana kabla halijafika mwisho

Mwaka 2016 nafasi nne zilizobaki wazi katika mstari wa saba wa jedwali la elementi zilipata majina, ya mwisho ikiwa oganesoni, namba 118 (namba ni idadi ya protoni, chembe zenye chaji chanya, katika kiini cha atomu). Ya 119 bado haijapatikana. Je, jedwali limefika ukingoni, au ni mashine zetu tu zilizoishiwa nguvu?

Wanaoamini safari inaendelea hawaoti ndoto. Protoni husukumana, na zikizidi kiini hupasuka. Lakini kuna idadi fulani za protoni na nyutroni, chembe za kiini zisizo na chaji, zinazokikaza. Nadharia inatabiri "kisiwa cha uthabiti", eneo la viini vinavyodumu zaidi, karibu na nyutroni 184. Flerovi-289 (namba 114), yenye nyutroni 175, ina nusumaisha, yaani muda wa nusu ya atomu zake kuoza, ya takriban sekunde 2. Kwa ukoo ambao wengi hufa kabla hujapepesa jicho, huo ni uzee. Mwaka 2024 nao, wanasayansi wa Berkeley, Marekani, walifyatua titani badala ya kalsiamu iliyozoeleka kwenye elementi nzito ili viini viungane, wakapata atomu 2 za livermori, namba 116, kwa siku 22. Hiyo ndiyo njia wanayotaka kuitumia kuifuata namba 120.

Atomu mbili, siku 22. Hapo ndipo wenye shaka wanapoanzia. Kutengeneza tenesini, namba 117, kulihitaji miligramu 22 za berkeli, elementi nyingine inayooza, kutoka Oak Ridge, Marekani, zipelekwe Dubna, Urusi. Nusu ya berkeli hiyo hutoweka kila baada ya siku 330 hivi, na huku inachakaa, mzigo ulivuka Atlantiki mara 5 kwa sababu ya karatasi za forodha! Mavuno ya awali yalikuwa atomu 6.

Hoja ya gharama ni nzito, ila kwangu si ya msingi. Mwaka 1869 mkemia Mrusi Mendeleev alipanga elementi kwa sababu tabia zao zinajirudia: ukijua safu wima, unaweza kubashiri mwenendo. Chini kabisa ya jedwali utaratibu huo unalegea. Chaji ya kiini ikiwa kubwa, elektroni za ndani hukimbia kwa kasi inayokaribia ya mwanga, na mpangilio wa elektroni wote huvurugika. Tayari dhahabu ina rangi yake ya manjano kwa sababu hiyo. Oganesoni imewekwa kwenye safu ya gesi adimu, kama heli na neoni, lakini hesabu zinaonyesha kuwa ingekuwa yabisi katika joto la kawaida la chumba.

Kwa hiyo wanaobishana kama mwisho uko kwenye 137, kama hesabu za zamani zilivyodokeza, au 172, kama mpya zinavyopendekeza, naona wanapima urefu wa nyumba bila kuuliza kama paa bado linazuia mvua. Ili elementi mpya itambuliwe, kanuni za kimataifa hutaka kiini kidumu angalau sekunde moja iliyogawanywa kwa trilioni 100, muda ambao kiini huhitaji kujipatia elektroni. Ni kipimo cha haki kwa fizikia. Mkemia anahitaji muda mrefu zaidi: flerovi imejaribiwa atomu mojamoja juu ya dhahabu ili kuona kama inanata. Oganesoni, yenye nusumaisha chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, hufa kabla haijaifikia hiyo dhahabu.