Vifuniko vya soketi: mimi nimevitoa vyote

Dogo alipoanza kutambaa tulikimbilia kununua vile vifuniko vya plastiki vya kuchomeka kwenye soketi, paketi nzima, nikapita chumba hadi chumba nachomeka huku najiona baba wa maana kweli. Wiki haijaisha namkuta kakaa chini anatafuna kimoja. Kakichomoa mwenyewe.

Hapo ndo nikaanza kuichunguza soketi yenyewe. Hizi za pini tatu bapa za Kiingereza, ambazo kiwango chake BS 1363 kilitoka 1947, zina ulinzi wake humo ndani. Chungulia yale matundu mawili ya chini, utaona yamezibwa na vigeti vya plastiki, na kwenye soketi nyingi havifunguki mpaka pini ya erthi, ile ya juu ambayo ni ndefu kuliko wenzake, itangulie kuingia ivisukume. Ndo maana ukitaka kulazimisha plagi ya pini mbili unachokonoa tundu la juu na kalamu (tuache hii tabia jamani, mtoto anatuangalia).

Sasa kifuniko nacho kina pini ya erthi, ya plastiki. Mtoto akikigeuza juu chini, akaingiza ile pini peke yake kwenye tundu la juu na kilichobaki kikatokeza nje juu ya soketi, vigeti vinafunguka na matundu yenye umeme yanabaki wazi kabisa, yaani kifuniko kimefanya kazi ya ile kalamu, na hela umetoa wewe. Halafu vingi havina vipimo vinavyoeleweka, vingine vimelegea vinatoka kirahisi, vingine pini zake nene zinapanua vyuma vya ndani, baadaye plagi inakaa vibaya na kuchemka. Uingereza mwaka 2016 idara ya afya ilitoa tahadhari visitumike kwenye majengo ya huduma za afya na ustawi wa jamii.

Siongelei soketi zote lakini. Kama yako haina vigeti, matundu wazi, kifuniko kinachokaza vizuri ni afadhali kuliko kuacha hivyo hivyo, ila ningekuwa wewe ningebadilisha soketi. Marekani tangu kanuni za umeme za 2008 nyumba mpya zinatakiwa soketi zenye vigeti, hawakutegemea mzazi akumbuke kurudishia kifuniko kila akimaliza kupiga pasi.

Mimi kinachonitisha zaidi ni zile ekstensheni za bei chee zenye matundu ya kupokea plagi ya aina yoyote, nyingi hazina kigeti chochote na ziko sakafuni, usawa wa macho ya mtoto. Ile yetu nimeitupa, na fundi kaja kufunga kile kifaa cha miliampia 30 kinachokata umeme ukivuja. Vifuniko viko kwenye droo ya juu, na dogo keshahamia kwenye waya wa chaja, anaunyonya kama pipi.