Umemuuliza dada kabla ya kumwachia mbwa?

Sikukuu ya Mapinduzi majirani zangu hapa Goba walikwenda Bagamoyo, familia nzima. Waliondoka alfajiri, wakarudi usiku. Nyumbani walibaki dada wa kazi na mtoto wa mbwa ambaye hata miezi mitatu hajafikisha. Yule kibwa alilia kutwa. Lakini kilichonichoma hasa ni maneno yaliyovuka ukuta waliporudi: "Si ulikuwepo? Ulikuwa unafanya nini?" Bakuli la maji lilikuwa limepinduka, baraza imechafuka, mbwa amejizongesha kwenye mnyororo. Na anayegombezwa ni binti ambaye tangu kibwa kilipoletwa alisema wazi kwamba anaogopa mbwa.

Tukiulizwa mbwa tumemwachia nani, jibu letu huwa moja: nyumbani kuna watu. Watu gani hao? Ni dada, ni mlinzi wa zamu, ni shangazi aliyekuja mjini kutibiwa mguu. Hakuna aliyeombwa, hakuna aliyeelekezwa, na hakuna aliyelipwa hata shilingi mia kwa kazi hiyo. Kumlea mtoto wa mbwa ni kazi. Mwenye mbwa akitoka kwenda kupunga upepo, kazi hiyo haitoki naye, inabaki palepale ikimsubiri mtu.

Tena si kazi ndogo. Kibwa wa umri huo hula mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo. Mkojo hawezi kuubana. Kadirio linalotumika sana ni saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, kwa hiyo wa miezi miwili na nusu anatakiwa kutolewa nje kila baada ya saa mbili hivi. Piga hesabu ya kuanzia alfajiri hadi saa tatu usiku, kisha uniambie baraza ingebakije safi. Analala sana, ni kweli, lakini akiamka anatafuna kila anachokikuta: kandambili, soksi, waya wa chaja. Halafu kuna jua la Januari. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, anapoa kwa kuhema. Kivuli cha saa tatu asubuhi saa nane mchana hakipo tena, kimehamia upande wa pili, na mnyororo haufiki huko. Lazima awepo mtu wa kumhamisha, na mtu huyo lazima awe anaweza kumshika.

Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Watoto wa mbwa wanang'ata. Ndivyo wanavyocheza, na meno yao ni makali. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa wakifika miezi mitatu, kwa hiyo huyu wa jirani alikuwa bado. Dada aking'atwa saa sita mchana na bosi yuko Kaole, hukohuko Bagamoyo, anapiga picha kwenye magofu, nani amemwambia kwamba jeraha huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aliyeng'atwa huenda hospitali siku hiyohiyo? Nani amemwachia nauli ya bodaboda na hela ya sindano? Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Tunamwachia binti wa watu hatari ya namna hiyo, tunafunga geti, halafu tukirudi tunamuuliza alikuwa anafanya nini.

Kuna na suala la dini, ambalo wengi wetu tunalipita kana kwamba halipo. Wasichana wengi wanaofanya kazi majumbani Dar wametoka Tanga, Lindi, Mtwara, na wengi wao ni Waislamu waliolelewa katika madhehebu ya Shafii. Kwao mate ya mbwa ni najisi nzito, huoshwa mara saba na mojawapo kwa udongo. Kibwa kikimrukia na kumlamba, ana kazi ya kujitoharisha kabla hajasimama kuswali. Akikataa kukibeba, huo si ukatili. Uislamu huohuo unamsifu mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake na kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Nimeona wanawake wa Kiislamu wakimimina maji kwenye bakuli la mbwa kwa jagi, kwa umbali, kwa moyo safi kabisa. Ila kumfuta kinyesi, kumfungua mnyororo na kumbembeleza akilia ni mambo mengine, na mwenye haki ya kuamua kama atayafanya ni yeye.

Najua nitaambiwa kijijini mbwa hawana yaya. Hawana, kwa sababu kijijini mbwa hafungwi peke yake nyuma ya ukuta wenye vipande vya chupa. Anatembea na watoto wachungaji, analala jikoni penye majivu ya moto, mchana kutwa yuko na mtu au na mbwa wenzake. Sisi tumemwondoa kwa mama yake, tumemfungia peke yake, kisha tunashangaa analia.

Mbwa mkubwa aliyezoea anaweza kumaliza mchana akiwa na maji na kivuli, hilo nakubali. Na kuna madada wanaopenda mbwa kuliko hata wenye mbwa wenyewe. Kumchukua mbwa safarini nako si jibu la kila mtu: hifadhi kama Mikumi haziruhusu kuingia na mbwa, hoteli nyingi za ufukweni hazimtaki, na ndani ya gari lililofungwa juani dakika chache zinatosha kumuua. Kabla hajamaliza chanjo, kumpeleka penye mbwa wengi ni kumtafutia parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa.

Mimi nikiwa na safari ya kutwa namtafuta kijana wa mtaani kwetu anayependa mbwa kwa dhati. Anakuja jioni ya siku iliyotangulia, azoeane na mbwa wangu nikiwepo, aone ninavyomlisha ugali na dagaa, ajue kwamba mifupa ya kuku iliyopikwa ni mwiko kwa sababu hupasuka na kuchoma utumbo. Namwachia namba ya daktari wa mifugo na hela ya dharura mkononi, si ahadi ya kumtumia baadaye. Namlipa elfu kumi na chakula cha mchana. Familia ikienda Bagamoyo kwa gari, mafuta peke yake yanazidi fedha hiyo, na hakuna anayelalamika kituoni.

Kwa hiyo kabla ya Pasaka, wewe mwenye kibwa kipya, kaa chini na dada yako umuulize kama mtu anayeweza kusema hapana. Akikubali, mwelekeze, na siku hiyo umpunguzie kufua na kupiga deki, umlipe na nyongeza yake. Akikataa, usinune na usimuulize mara ya pili. Tafuta mtu mwingine, na akikosekana, mmoja wenu abaki nyumbani.