Balozi Henry Lane Wilson na damu ya Madero

Hadi mwaka 1910 kazi ya Henry Lane Wilson haikuwa na doa kubwa: mjumbe wa Marekani nchini Chile tangu 1897, Ubelgiji tangu 1905, kisha balozi Mexico. Jina lake liliharibika kwa siku chache za Februari 1913, akilaumiwa kwa mapinduzi yaliyomwangusha rais wa Mexico.

Tarehe 9 mwezi huo baadhi ya wanajeshi walimwasi Rais Francisco Madero, na mizinga ikanguruma katikati ya jiji kwa siku kumi. Watetezi wa Wilson wana hoja hapa. Wageni walikuwa wamenaswa kwenye mapigano, na kuwalinda raia wake ni wajibu wa balozi yeyote. Tena, Madero alikamatwa mchana wa tarehe 18, kabla Jenerali Victoriano Huerta, kamanda wa jeshi la Madero aliyemgeuka, na Félix Díaz, kiongozi wa waasi, hawajakutana ubalozini jioni hiyo. Kudai kwamba kila kitu kilipangwa na balozi ni kutia chumvi.

Ila tarehe 15 Wilson alikuwa ameshawaita wajumbe wa Uingereza, Ujerumani na Hispania, na yule wa Hispania akaenda Ikulu kumshauri Madero ajiuzulu. Washington haikumwagiza hilo. Kisha makubaliano ya ubalozini yakampa Huerta urais wa muda ndani ya saa 72, huku Díaz akibaki huru kugombea baadaye.

Kwangu, kosa zito zaidi lilikuja baada ya hapo. Huerta alimuuliza: Madero apelekwe uhamishoni, au hospitali ya wendawazimu? Wilson akamjibu afanye lililo bora kwa amani ya nchi. Jibu hilo lilimwachia Huerta mlango wazi. Mjumbe wa Cuba, Manuel Márquez Sterling, hakuwa na nguvu hata robo ya Marekani, lakini alilala Ikulu pamoja na mateka na kuwatolea manowari ya Cuba iliyokuwa bandari ya Veracruz iwapeleke uhamishoni. Wilson alikuwa na silaha kubwa kuliko manowari: Huerta alihitaji kutambuliwa na Washington, na balozi angeweza kumwonya kwamba bila uhai wa Madero hakuna kutambuliwa. Badala yake aliwaagiza makonseli wahimize watu waikubali serikali mpya.

Usiku wa tarehe 22 Madero na makamu wake, José María Pino Suárez, waliuawa wakihamishiwa gerezani. Rais wa Marekani, William Howard Taft, aliondoka madarakani Machi 4 bila kumtambua Huerta. Mrithi wake, Woodrow Wilson, naye alikataa, na Julai akamwita balozi nyumbani.