Mteja wa siri anamwona keshia, hamwoni bosi

Mteja wa siri, yaani mtu anayelipwa kupima huduma akijifanya mnunuzi, anaingia kituo cha mafuta kama dereva mwingine yeyote, anaomba mafuta ya elfu ishirini, huku anatazama saa kwa kuibia. Mhudumu amesalimia? Ameonyesha sifuri kwenye pampu kabla ya kuanza kujaza? Risiti imetoka bila kudaiwa? Choo kina sabuni? Akimaliza anasogeza gari mbele kidogo, anajaza fomu kwenye simu na kutuma picha ya risiti. Baadaye anarudishiwa hela ya mafuta na kuongezewa posho kidogo. Benki, mitandao ya simu, supamaketi na hoteli nazo huwatumia wateja wa siri wa namna hii, mara nyingi kupitia kampuni za utafiti wa masoko.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito. Sanduku la maoni linakaa tupu, kwa sababu mteja aliyeudhika haandiki barua. Anahamia duka la pili na kuwasimulia majirani. Meneja akitembelea tawi, wote wanageuka malaika mpaka gari lake liondoke. Kubwa zaidi, yako makosa ambayo mteja halisi hawezi kuyalalamikia kwa kuwa hajui kama amekosewa. Uingereza, mamlaka iliyosimamia huduma za fedha ilipeleka watu waliojifanya wana akiba ya kuwekeza kwenye taasisi sita kubwa, mara 231. Ripoti ya Februari 2013 ilionyesha kwamba takriban robo ya ushauri uliotolewa ulikuwa mbovu: ama haukumfaa mteja, ama mshauri hakuuliza vya kutosha kumjua. Mteja wa kweli angeshukuru na kuondoka akiamini amehudumiwa vizuri. Meksiko nako, watafiti waliotumia njia hiyohiyo waliona wafanyakazi wa benki wakikwepa kutaja huduma ya bei nafuu, hata mbele ya mtu ambaye ingemtosha.

Nairobi walikwenda mbali zaidi. Kwenye utafiti uliochapishwa 2017, watu waliofunzwa waliingia vituo vya afya wakiigiza dalili za pumu, kifua kikuu na maumivu ya moyo. Mwingine alieleza kwamba mtoto wake anaharisha nyumbani. Ukimfanyia daktari mtihani wa karatasi utajua anachokijua. Anachokifanya saa nane mchana, foleni ikiwa ndefu, hutakijua kwa mtihani.

Wapo wanaouita ujasusi. Marekani mwaka 2011, serikali ya Obama iliandaa mpango wa kupiga simu kwa madaktari kama wagonjwa, kuona nani anapokea wagonjwa wapya. Madaktari walikuja juu na mpango ukawekwa kando. Hoja ya ujasusi mimi hainishawishi sana. Duka ni mahali pa wazi, na anayehudumia umma ajue umma unamtazama. Kinachonisumbua ni matokeo yakishafika ofisi ya rasilimali watu.

Chukua keshia wa benki mwisho wa mwezi. Foleni imefika mlangoni, mtandao unasumbua, madirisha mawili kati ya sita ndiyo yaliyo wazi. Fomu inauliza: ulisubiri dakika ngapi? Alitabasamu? Alikuita kwa jina? Hakuna pa kuandika ni nani aliyeamua madirisha manne yafungwe. Huyo yuko makao makuu na hana kibandiko cha jina kifuani. Alama zinamwangukia dada wa dirishani, na bonasi yake inakwenda nazo. Matembezi 231 yanaweza kukueleza habari za sekta nzima. Tembezi moja, siku moja, halikuelezi chochote cha uhakika kuhusu mtu mmoja. Miongozo ya ESOMAR, chama cha kimataifa cha watafiti wa masoko, inataka wafanyakazi wajulishwe mapema kwamba wanaweza kupimwa hivi.

Wafanyakazi nao si wajinga. Mteja anayesoma kibandiko cha jina mara mbili na kuuliza maswali ambayo hakuna anayeyauliza anajulikana haraka, na kundi la WhatsApp linapata taarifa kabla hajafika tawi la pili. Wengine wanakariri: “Karibu, naitwa fulani, nikusaidie nini leo?” Mzee wa miaka sabini anapokewa kwa wimbo huo na fomu inatoa alama zote. Shikamoo haina kisanduku.

Kwa anayeifanya, hiki ni kibarua cha pembeni. Unatanguliza hela yako, unalipwa kwa tembezi, na picha ya risiti ikiwa na ukungu ripoti inaweza kukataliwa. Mwanafunzi mwenye nafasi atapata nauli na chakula. Kulea familia, hapana. Matapeli nao wameshajua jina la kazi hii linavutia. Marekani wanakutumia hundi feki, wanakwambia uiweke benki kisha “ukague” huduma ya kutuma pesa kwa kuwatumia wao. Hundi inakataliwa baadaye na deni linabaki kwako. Huku kwetu jihadhari na anayetaka ada ya usajili kwa simu. Kampuni ya kweli haikutozi ili ikuajiri.

Kwa hiyo mimi ningempunguzia mteja wa siri kazi ya kuhesabu tabasamu na kumpa bosi mwingine. Benki Kuu ya Tanzania ina kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha tangu 2019, na mitaani mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, inaendelea. Benki Kuu impeleke huko, akakope laki tatu kama mama ntilie aliyekwama mtaji, na fomu yake iwe na maswali mawili tu: uliambiwa utarudisha jumla ya shilingi ngapi kabla ya kusaini? Na kadi yako ya benki walibaki nayo?